Fundi Anajibu: Redio ya Upepo na Simu Ndani ya Gari

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za jambo moja, watu wanafunga redio za upepo, zile za kubonyeza maiki na kuongea, na vishikio vya simu kwenye magari afu mambo yanaenda kombo, betri zinachemka, antena zinadondoka njiani, na kuna wawili wamegombana ndani ya gari kisa simu. Baadhi nimezijibu kwa urefu, zingine kwa kifupi kwa sababu jibu lake ni fupi, msinuniane.

Shikamoo fundi. Mi ni dereva wa lori. Bosi kanunua redio ya upepo ya volti 12, wati 25, na lori letu ni volti 24. Aliyekuja kufunga akachukua umeme kwenye betri moja tu kati ya zile mbili, akasema hapo unapata 12 safi bila kununua kitu kingine. Redio inaongea vizuri ila huu ni mwezi wa pili betri moja inachemka mpaka inatapika maji na nyingine asubuhi haiamshi injini. Ni redio au betri zimechoka tu?
*Dereva Msafiri*

Marahaba kijana wangu. Betri zako hazijachoka, zimechoshwa. Zile mbili zimeungwa kwa kufuatana, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, na altaneta inazichaji kama kitu kimoja, ikiona jumla ya volti 28 hivi inaridhika, haina habari kwamba kuna mtu ananyonya pembeni kwenye moja. Sasa ile inayonyonywa na redio inalala na njaa kila siku, na mwenzake ambaye hajanyonywa anaendelea kulishwa wakati ameshashiba, ndo huyo anayechemka na kutapika. Ukiziacha hivyo zitakufa zote, ya njaa na ya shibe. Afu ile gesi inayotoka kwenye betri inayochemka ni haidrojeni, inalipuka kwa cheche ndogo tu, usiende kuichungulia na sigara mdomoni.

Dawa yake ni kibadilisha volti, mafundi tunaita konvata, kinachukua 24 kwenye betri zote mbili kwa usawa kinatoa 13 na pointi kadhaa. Wakati wa kununua usidanganywe na ile namba kubwa ya kwenye boksi, mara nyingi hiyo ni ya sekunde chache, angalia ampea inazoweza kutoa mfululizo. Redio ya wati 25 ukibonyeza maiki inakula kama ampea 6 mpaka 8, ya wati 50 inafika 10 na kupita, kwa hiyo ya kwenu mtafutie konvata ya ampea 10 mfululizo au zaidi, na ifungwe sehemu inayopata hewa maana inapata joto.

Kwenye waya ndo watu wanapenda kubana matumizi. Chukua waya mwembamba wa milimita ya mraba 1, mita nne kwenda na nne kurudi, pitisha ampea 8, umeshapoteza zaidi ya volti 1 njiani kabla redio haijaonja kitu. Weka wa milimita ya mraba 4 unapoteza robo ya volti hivi. Mtu analalamika redio yake haifiki mbali, anabadilisha antena mara tatu, kumbe redio ina njaa tu.

Na fyuzi iwe jirani na betri, siyo jirani na redio. Hili nalirudia kila mwaka. Fyuzi kazi yake ya kwanza ni kulinda waya, ukiiweka huku nyuma ya redio basi mita zote za waya kuanzia kwenye betri hazina mlinzi, siku ukichubuka ukagusa chuma betri ya lori inasukuma mamia ya ampea papo hapo na waya unawaka kama kaa. Mi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilifanya kosa hilo, nikapitisha waya kwenye tundu la ukuta wa injini bila kuweka raba, wiki mbili baadae gari likarudi linanuka moshi na zulia limetoboka. Mwenye gari hakunitukana, aliniangalia tu. Mpaka leo kabla sijashika drili nakuwa nimeshaishika raba mkononi.

Hizo betri zako mbili zipime, na kama ya kubadilisha ni moja badilisha zote kwa pamoja, ukichanganya mpya na ya zamani unarudi kulekule kwenye njaa na shibe.

Habari fundi, nafanya kazi kampuni ya ulinzi na nimepewa gari dogo jipya la doria. Wanataka kufunga redio ya VHF. Fundi kasema kichwa cha redio kikae juu ya dashibodi upande wa abiria ili wote tukione, antena pembeni ya boneti. Mimi naogopa mifuko ya hewa, wenzangu wananicheka. Nina haki ya kuogopa?
*Dada wa Doria*

Dada yangu, waache wacheke. Eabegi inafunguka kwa kasi kuliko kufumba jicho, na ile ya abiria inatokea juu ya dashibodi palepale fundi wako anapotaka kuweka redio. Kitu chochote kilichokaa juu ya kile kifuniko kinarushwa usoni kwa mtu. Siyo dashibodi tu, magari mengi mapya yana za kwenye nguzo za kioo cha mbele, juu ya milango na pembeni ya siti, kwa hiyo kabla ya kufunga chochote zunguka ndani ya gari utafute maandishi SRS au AIRBAG yaliyochongwa kwenye plastiki, pote ulipoyaona pasiguswe, hata waya wa antena usipite juu yake. Na ukikuta nyaya au konekta za njano chini ya usukani au chini ya siti achana nazo kabisa, kwa kawaida hizo ndo za eabegi. Kama gari ni la haibridi au la umeme zile nyaya za rangi ya machungwa nazo mkono usifike, hizo zina volti za kuua, redio inapewa umeme kutoka ile betri ndogo ya volti 12 basi.

Sehemu nzuri kwa gari dogo ni chini katikati, karibu na gia, lakini kaa kwenye siti ya dereva kwanza uone goti linapita wapi. Zipo redio ambazo mwili wake unatenganishwa na uso wake, mwili unaenda kwenye buti na mbele unabaki uso mdogo na maiki, kama kampuni inaweza kununua hiyo basi tatizo la nafasi limekwisha. Ila usiruhusu mwili usukumwe tu chini ya siti bila kufungwa. Mi huwa nawapigia watu hesabu hii: gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, kitu kilichokuwa kimelala ndani kinaendelea mbele kwa kasi ileile ambayo kingekuwa nayo kikidondoka kutoka mita 10 juu, yaani mtu yuko ghorofa ya tatu anakuachia redio ya kilo moja na nusu kichwani. Kwa hiyo skrubu, siyo gundi wala ile tepu ya pande mbili. Na kabla ya kutoboa angalia upande wa pili kuna nini, nishaona sakafu imetobolewa na bomba la breki likiwa sentimita moja tu pembeni.

Antena nayo mahali pake ni katikati ya paa. Bati la paa lenyewe ni nusu ya antena, linaipa kitu cha kusukumia mawimbi, ukiiweka pembeni ya boneti inaongea vizuri upande mmoja na upande mwingine inanong'ona, na juu ya hapo inakuwa usawa wa vifua vya watu na jirani kabisa na kompyuta ya injini. Paa la chuma linawakinga na mawimbi mliokaa ndani. Urefu wake usiwe wa kukisia: gawanya 300 kwa masafa ya redio kwa megahetzi, unapata urefu wa wimbi kwa mita, robo ya hapo ndo antena ya kawaida, kwa VHF ya megahetzi 150 ni sentimita 50 hivi, kwa UHF ya 450 haizidi 17. Zile redio za megahetzi 27 wanazopenda madereva wa malori robo yake ingekuwa karibu mita 2 na sentimita 75, ndo maana antena zake wanaziviringishia waya ndani ili zifupike. Ya sumaku inafaa kwa majaribio, ila ikipigwa na tawi inaondoka, mchanga ukiingia chini inakwangua rangi, na kama paa ni la alumini au kioo haishiki kabisa.

Waya wa antena upitishwe mbali na mafungu ya nyaya za gari, na pale ambapo lazima vikutane vipishane kama msalaba, visitembee sambamba. Waya wa hasi wa redio usibane moja kwa moja kwenye kichwa cha betri kama pale kuna kile kisensa kidogo, magari mapya yanacho kinapima umeme unaotoka na kuingia, ukikikwepa gari linapata hesabu za uongo, funga kwenye bodi karibu na pale betri yenyewe inaposhika bodi. Afu kabla ya yote fungua kitabu cha gari, watengenezaji wengi wanaandika masafa gani, wati ngapi na antena ikae wapi, kuna hata mwongozo wa kimataifa wa mambo haya, ISO/TS 21609, fundi anayejiheshimu anaujua au atakubali kuutafuta.

Mkishamaliza msiondoke. Pimeni mawimbi yanayorudi kwa mita ya SWR, ikisoma 1.5 kushuka chini mko salama, ikianza kukaribia 3 kuna kitu kimeharibika kwenye waya au antena na redio itajiunguza yenyewe, na msibonyeze maiki hata sekunde moja bila antena. Halafu gari likiwa limesimama, injini inawaka, bonyezeni kila masafa mtakayotumia huku mnawasha taa, waipa, indiketa, kila kitu, mkiangalia dashibodi. Kisha mmoja aendeshe taratibu sehemu isiyo na watu na mwingine abonyeze. Taa ya ABS, ile ya breki, au ya injini ikiwaka, au injini ikakohoa, redio inazimwa mpaka sababu ijulikane, hamna cha tutazoea.

Redio yangu inapiga mluzi, nikikanyaga mafuta mluzi unapanda, nikiachia unashuka. Mwingine aliniambia ninunue redio mpya.
*Jina kapuni*

Usinunue kitu. Huo ni mluzi wa altaneta, ndo maana unafuata mguu wako. Chomoa waya wa antena nyuma ya redio, usibonyeze maiki, sikiliza tu. Mluzi ukibaki unaingia kupitia nyaya za umeme, na nina uhakika wa kutosha kwamba redio yako imeungwa kwenye boksi la fyuzi au, mbaya zaidi, kwenye tundu la kuwashia sigara. Peleka nyaya zake moja kwa moja kwenye betri, zile fupi na nene, na ethi, yaani pale waya wa hasi unaposhika bodi, pakwangue rangi mpaka uone chuma. Mluzi ukipotea baada ya kuchomoa antena basi unaingia kwa juu, kagua ethi ya antena kwenye paa.

Kama badala ya mluzi una mchakaricho usiobadilika na mafuta, chomoa chaja ya simu. Kweli kabisa. Hizi chaja za bei rahisi na kamera za kwenye kioo zinatoa kelele za masafa kibao, redio inaziba masikio na we unafikiri mtandao uko mbali. Chomoa kimoja kimoja mpaka umkamate mwizi.

Fundi kila jumatatu gari haliwaki, jumamosi na jumapili halitembei. Limeanza baada ya kufunga redio.
*Abiria wa Mwendokasi, maana ndo ninaopanda siku hizi*

Redio ikiwa imewashwa inasikiliza tu inaweza kula karibu ampea 0.4. Kuanzia ijumaa jioni hadi jumatatu asubuhi ni kama saa 60, umeshakula ampea-saa 24, na betri ya gari dogo yenyewe ni 45 au 60 ikiwa mpya. Kuna waya wa tatu kwenye redio nyingi, mwembamba, wa kusikiliza swichi ya gari, ule fundi wako kaukata au kauacha unaning'inia. Uungwe sehemu inayopata umeme ukiwasha swichi tu, redio itakuwa inalala na gari.

Mume wangu anaongea na simu akiendesha, anasema yeye anatumia hendsifri kwa hiyo mikono yote iko kwenye usukani na sheria imemruhusu. Mimi nasema hatari ni ileile. Tumeshabishana mpaka watoto wakaanza kuchukua pande. Tuamulie.
*Mama wa Siti ya Mbele*

Mama umeshinda, na gazeti umuwekee karibu na funguo za gari.

Mwaka 1997 watafiti wawili, Redelmeier na Tibshirani, walichukua madereva 699 wa Toronto waliokuwa na simu na wakapata ajali, wakalinganisha muda wa ajali na kumbukumbu za simu zao, wakakuta mtu akiwa kwenye simu uwezekano wa kugonga unapanda kama mara nne, na waliokuwa na hendsifri hawakuonekana kuwa na unafuu wowote. Shirika la Afya Duniani nalo linasema hivyohivyo mpaka leo, kama mara nne, na hendsifri haina usalama mkubwa zaidi ya simu ya mkononi. Sababu yake ni kwamba mkono haukuwa tatizo lenyewe. Mtu anaendesha mkono mmoja anabadilisha gia miaka yote na hafi. Kinachoondoka ni akili, macho yako yanatazama barabara lakini hayaoni, umeshawahi kufika nyumbani ukiwa kwenye simu afu ukashindwa kukumbuka kona ya mwisho umeipitaje? Ndo hiyo.

Atakuuliza mbona nikiongea na wewe hapa pembeni hamna shida. Mwambie mimi naiona barabara. Ng'ombe akitokea nanyamaza, au napiga kelele, vyote vinamsaidia. Aliye kwenye simu hajui kama pale mna kona au mtoto na mpira, yeye anataka jibu sasahivi na ukinyamaza anasema haloo, haloo, unanisikia?

Kusoma ujumbe ni mbaya zaidi, tena sana, kuliko kuongea. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakwenda mita 22 kila sekunde, ukishusha macho sekunde tano tu umeshatembea mita 110, uwanja mzima wa mpira toka goli hadi goli na bado unaingia kwenye nyavu, na macho yako yalikuwa kwenye picha ya mtu aliyekutumia maua ya asubuhi njema. Sheria kweli nchi nyingi zinakataza simu ya mkononi tu, hata mkataba wa Vienna wa barabarani wa mwaka 1968 kama ulivyorekebishwa unazitaka nchi zikataze hiyo ya kushika gari likiwa linatembea, lakini mkataba huohuo unamwambia dereva apunguze kila shughuli isiyo ya kuendesha. Hiyo sehemu ya pili mumeo hakuisoma.

Sasa la msingi kwangu, na hili nawaambia hata makampuni yanayoniita kufunga redio. Anayetakiwa kubadilika siyo dereva peke yake, ni yule anayempigia. Mume anapokea kwa sababu akikaa dakika kumi bila kupokea anaulizwa ulikuwa wapi. Dereva wa kampuni anapokea kwa sababu msimamizi wake akipiga mara mbili bila jibu anaandika barua. Kwa hiyo nyie ndani ya nyumba kubalianeni, swali la kwanza la anayepiga liwe umesimama? Akijibu hapana, simu inakatwa bila kinyongo, atapiga yeye. Simu iwekwe ile hali ya kuendesha inayojibu yenyewe kwamba niko barabarani. Ramani ipangwe kabla ya kuwasha gari, kishikio kikae chini pembeni ya kioo kisikate macho wala kisiwe njia ya eabegi. Na akitaka kupiga asimame kweli, nje ya barabara, siyo kuweka hazadi kwenye kona.

Redio ya upepo ina unafuu kidogo, wanaongea kwa zamu na kwa maneno machache, hakuna anayesimulia harusi kwenye redio. Kidogo nimesema. Anayetoa maelekezo marefu ya njia kwa dereva anayetembea anafanya kosa lilelile.

Nimenunua woki-toki mbili zile za bila leseni tunazitumia tukisafiri magari mawili. Ndani ya gari hazifiki mbali. Nataka nikate antena yake nifunge ya paa.
*Mtundu*

Usikate. Zile zimeruhusiwa bila leseni kwa sababu hazina nguvu na antena yake haitoki. Ulaya zinaitwa PMR446, wati 0.5 kwenye megahetzi 446, na Marekani zao za FRS nazo antena lazima iwe ya kudumu kwenye mwili wake, ukiweka ya paa umeshatoka kwenye ruhusa na umekuwa mtu wa masafa bila leseni, kwa mamlaka ya mawasiliano hiyo ni kesi. Hazifiki mbali kwa sababu gari ni sanduku la bati, mawimbi yanatokea madirishani tu. Ashike abiria, aisogeze karibu na kioo, wima, sentimita 3 hadi 5 kutoka mdomoni. Kama hiyo haiwatoshi ombeni leseni mfunge redio za gari kihalali.

Kwanini kituo cha mafuta wanakataza simu? Kuna mtu alisema ni uongo.
*Mshika Pampu*

Nusu ni uongo. Moto mwingi uliochunguzwa pale pampu ambao watu waliusukumia simu ulikuja kuonekana ni umeme tuli, mtu anarudi kukaa kwenye siti mafuta yakiwa yanaingia, anasuguana na kitambaa, akishuka anagusa mdomo wa pampu na cheche inaruka. Ukishuka gusa bati la gari kwanza, mbali na tangi. Lakini bango lipo na uliheshimu, mtu aliye kwenye simu anamwaga mafuta. Redio ya gari ya wati 25 au 50 hiyo ni habari nyingine, usibonyeze kabisa hapo, wala usibadilishe betri ya woki-toki penye mvuke wa mafuta.

Mahali ambapo sitaki utani ni kwenye machimbo na barabara zinazopasuliwa miamba. Fataki za umeme zina nyaya ndefu, na nyaya ndefu ni antena, mawimbi yenye nguvu yanaweza kuziamsha. Ukiona bango la kuzima redio zima kabisa, usiseme mi sibonyezi, kwa sababu simu inawasiliana na mnara yenyewe na redio za siku hizi zinazotuma mahali gari lilipo zinatuma zenyewe bila kukuuliza.

Baba yangu kawekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Gari letu la kazi lina redio. Apande?
*Mtoto wa Mzee*

Mpe pole mzee. Kwa simu kanuni inayotumika ni sentimita 15 au zaidi kati ya simu na kifaa, asiiweke mfuko wa kifuani na aisikilizie sikio la upande wa pili. Redio ya gari ina nguvu kubwa zaidi kwa hiyo inahitaji nafasi zaidi, angalia antena iko wapi, kama iko katikati ya paa la chuma ni vizuri, kama iko kwenye boneti au buti asisimame karibu nayo wakati mtu anaongea. Andika kwenye karatasi wati na masafa ya redio, mpelekee daktari wake pamoja na ile kadi ya kifaa, yeye ndo atakupa umbali kamili.

Napeleka mizigo kwa pikipiki, simu iko kwenye usukani kwa ajili ya ramani. Kamera imeanza kutetemeka na ukungu. Simu ni nzima, haijadondoka.
*Kijana wa Mizigo*

Imetikiswa. Kamera nyingi za sasa zina kilenzi kinachoelea ndani ili picha isitetemeke, mtetemo wa injini unafika mpaka pale kupitia usukani, Apple wenyewe mwaka 2021 walitoa tahadhari hiyo kwa simu zao. Nunua kishikio chenye raba za kuzuia mtetemo, au tumia simu ya zamani kwa ramani. Na jua nalo: Apple hao hao wanasema simu itumike kati ya nyuzi 0 na 35, na ihifadhiwe isizidi 45, sasa kwenye usukani juani, au juu ya dashibodi ya gari lililofungwa vioo, hizo 45 zinapitwa haraka na betri ndo inaanza kuvimba. Kingine, acheni kuchomeka simu ndani ya helmeti. Ukianguka simu ndo inakuwa ya kwanza kukutana na shavu.

Bosi kaondoa redio zote katuletea simu zenye programu ya kubonyeza na kuongea. Anasema kisheria hii ni redio siyo simu kwa hiyo tunaweza kuishika tukiendesha. Trafiki atakubali?
*Dereva Msafiri wa Pili*

Inategemea nchi, ila sikupi matumaini. Marekani kwa mfano madereva wa magari ya biashara wamekatazwa kushika simu tangu mwaka 2012, redio za upepo hazimo kwenye katazo hilo, lakini simu ya kubonyeza na kuongea imehesabiwa kuwa simu. Trafiki anaona mtu ameshika kitu chenye kioo kinachong'aa, hatakaa kusikiliza historia ya programu. Na kutafuta kile kitufe kwenye kioo laini lazima ushushe macho, wakati maiki ya redio mkono unaijua gizani.

Kuna maiki za nje za hizo simu, zenye waya uliozungushwa na kitufe kikubwa, simu yenyewe inabaki kwenye kishikio kilichofungwa kwa skrubu. Mwombeni bosi hizo, na mwombeni akaisome sheria ya nchi yenu aiweke kwa maandishi kabla ya kuwakabidhi simu, maana faini ikija itakuwa na jina lako.